Maziwa ya Nani?

Kiswahili hakijali ni maziwa ya nani. Ziwa ni titi, na maziwa ni kile kinachotoka humo, awe mwenye ziwa ni mtu, ng'ombe au mbuzi. Hata nazi, ukiikuna na kuikamua, wapo watakaosema imetoa maziwa. Lugha imeyatia yote kwenye kibuyu kimoja, na kwa miaka 29 sikuwa na sababu ya kulalamika. Tangu Machi nimelazimika kuyatenga. Kuna maziwa ambayo siyatii mdomoni hata tone, ili maziwa mengine, haya yanayotoka kwangu, yafike tumboni mwa mtoto bila kumletea shida.

Kijana wangu ana miezi kumi sasa. Alipokuwa na wiki saba hivi, nepi yake ilianza kuja na nyuzi za damu. Nyembamba, kama uzi mwekundu uliochomoka kwenye leso. Mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa anaongeza uzani, anacheka, ananyonya kama mtu aliyelipia. Daktari wa watoto alimkagua, akauliza maswali mengi kuhusu chakula changu kuliko kuhusu mtoto, kisha akasema anashuku mzio wa protini za maziwa ya ng'ombe. Mambo yanavyokwenda ni hivi: mimi nakunywa chai ya maziwa, tumbo langu linavunjavunja protini zake, lakini vipande vidogo sana, hasa vya protini iitwayo beta-laktoglobulini, vinaponyoka na kuingia kwenye damu yangu, na kutoka hapo kwenye maziwa yangu. Mtoto wa kawaida hata hatambui. Wangu, kinga yake ya mwili inaviona vipande hivyo na kupiga mayowe ya mwizi. Utumbo mpana unavimba kidogo, unavuja damu kidogo. Haikuwa hali ya kukimbiza mtu hospitalini usiku. Ila dawa yake haikuwa chupa wala sindano. Dawa ilikuwa mdomo wangu.

Kabla sijaendelea, niliondoe jambo moja njiani, kwa sababu kila nikieleza habari hii mtu ananikatiza: “Aah, laktosi!” Hapana, si laktosi. Laktosi ni sukari, na maziwa ya binadamu yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe: karibu gramu 7 kwa kila mililita 100, na ya ng'ombe hayafiki 5. Mama hata akila mawe, laktosi itakuwemo tu. Ndiyo maana yale maziwa ya supamaketi yaliyoondolewa laktosi hayanisaidii, na ya mbuzi, ambayo shangazi zangu watatu wamenipendekezea kwa nyakati tofauti, hayanisaidii vilevile. Protini za mbuzi na za ng'ombe zinafanana sana, na kinga ya mtoto haina muda wa kuuliza kitambulisho.

Sasa, kwa upande wa chakula chenyewe sikulia. Nimezaliwa Kilifi, kwa watu wa nazi. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, mahamri yaliyokandwa kwa tui: mtu anaweza kuishi vizuri sana humo bila kumwona ng'ombe. Taabu ni vya dukani, mikate, biskuti, supu za pakiti, hata soseji nyingine, ambavyo lebo zake zinasema kaseini na majina mengine ya kisomi bila kutamka neno maziwa. Unajifunza kusoma lebo kama wakili. Na kalisi unaitafuta kwingine, maana mama anayenyonyesha anahitaji takriban miligramu 1000 kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa kilikuwa kinaniletea karibu 300 bila mimi kufikiria. Nikarudi kwa wimbi, omena, simsim na sukuma, na vidonge alivyoniandikia daktari. Hayo yote ni kazi, lakini ni kazi ya mkono tu. Sikuona swali la maadili hapo.

Swali nililikuta kwenye chai.

Nairobi hii unaweza kukataa nyama, watu wakadhani ni mambo ya kisasa. Unaweza kukataa pombe, watu wakajua umeokoka. Lakini kataa chai uone. Kwetu Kenya chai ni maziwa yaliyowekewa majani, yote yamechemshwa kwenye sufuria moja tangu mwanzo, kwa hivyo huwezi kusema “yangu usitie maziwa”. Yameshaingia. Mwenyeji anabaki na mambo mawili, akuache bila kitu au abandike sufuria nyingine ya strungi. Na strungi ni chai ya tarehe 28, chai ya nyumba ambayo mambo yameenda mrama. Nimeona mama mmoja, mtu mzima, rafiki wa mama yangu, akiangalia mlango wakati ananipa kikombe cha strungi, ili jirani asije akaingia na kuona alichomwandalia mgeni. Nilimweleza sababu. Alielewa. Aliendelea kuangalia mlango.

Kwa hivyo jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mdomo wangu haukuwa wangu hata kabla ya mtoto. Ulikuwa na wenyewe wengi. Mgeni anakunywa ili mwenyeji apate heshima yake. Ndivyo tulivyolelewa, na sidhani ni ujinga. Kuna wema wa kweli katika kumeza kitu ambacho hukukitaka kwa sababu mtu amekuchemshia. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa mtoto mwenye adabu hakatai chakula cha watu. Hakuna aliyetuambia adabu hiyo inafanyaje kazi pale ambapo kikombe unachokunywa wewe kinatokea damu kwa mwingine.

Nimeolewa Nandi. Msomaji mwenye marafiki Wakalenjin ameshaguna. Maziwa huko si kinywaji, ni ushahidi. Mwanariadha akirudi na medali, watu wanampokea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa kibuyu cha mursik, na asipokunywa hajarudi. Mursik ni maziwa yaliyochachishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, na ukiipenda unaipenda kweli. Mimi nilijifunza kuipenda mwaka wa kwanza wa ndoa, na mama mkwe hajasahau kwamba nilimaliza kikombe cha kwanza bila kusaidiwa. Kwa hivyo tulipofika Pasaka, mtoto mgongoni, kibuyu kikatolewa.

“Mwanangu, hii ni ya nyumbani. Haina dawa ya dukani.”

“Najua, mama. Ni maziwa yenyewe yanayomsumbua mtoto. Hata yakichacha, ile protini inabaki.”

Alinitazama. Akamtazama mtoto, aliyekuwa mnene na mwenye furaha kama mbunge. Kisha akauliza neno moja: “Umejuaje?”

Lilinikera. Nilisikia ndani yake mambo mengine yote ambayo hakuyasema: kwamba amelea watoto sita kwa maziwa hayo, kwamba wasichana wa siku hizi wanapenda magonjwa yenye majina. Huenda yalikuwemo. Lakini kati ya maswali yote niliyoulizwa mwaka huu, na daktari na marafiki na watu wa kazini, hilo ndilo lililokuwa na akili zaidi, na nimelifanyia kazi kuliko mengine yote.

Kwa sababu ukweli ni kwamba dalili zinazotajwa kwa mzio huu ni nyingi na za kawaida mno. Mtoto analia. Mtoto anacheua. Mtoto ana vipele. Mtoto hajaenda haja tangu juzi. Nionyeshe mtoto wa miezi miwili asiye na hata kimoja cha hivyo nikuonyeshe mwanasesere. Mwaka 2018 daktari Mwingereza Chris van Tulleken aliandika kwenye jarida la tiba la BMJ kwamba kule Uingereza, kati ya 2006 na 2016, maagizo ya maziwa maalum ya kopo kwa watoto wanaodaiwa kuwa na mzio huu yaliongezeka kwa karibu asilimia 500, bila ushahidi kwamba watoto wenye mzio wenyewe wameongezeka kiasi hicho. Alionyesha pia jinsi wengi walioandika miongozo ya kuutambua walivyokuwa na uhusiano wa kifedha na makampuni yanayotengeneza hayo makopo. Nilisoma makala hiyo usiku, mtoto akinyonya, na ikanikosesha usingizi ambao tayari sikuwa nao.

Tuseme basi kuna mama mahali, Eldoret au Leeds, ambaye mtoto wake analia tu kwa kuwa ni mtoto. Ameacha maziwa, siagi, keki ya siku yake ya kuzaliwa, chai ya mamake. Mwaka mzima. Anapungua mwili, anagombana na wakwe, na wakati huo wote mtoto hana mzio wowote. Je, amefanya jambo jema? Kuna watu watasema ndiyo, nia ilikuwa njema, upendo ni upendo. Mimi sikubali. Nadhani kabla ya kujinyima una wajibu wa kutaka kujua, na wajibu huo unaudaiwa na nafsi yako mwenyewe. Anayefunga bila kuuliza kama kuna haja ya kufunga hajampa mtoto kitu. Amejinyang'anya tu, halafu akakiita zawadi.

Na njia ya kujua ipo, ila ni ya ajabu kidogo. Mama anaacha kabisa wiki mbili hadi nne. Mtoto akipona, mama anarudia kunywa. Makusudi. Dalili zikirudi, jibu limepatikana. Zisiporudi, chai iendelee. (Hii ni kwa watoto kama wangu. Wale wanaovimba uso, wanaotoka mabaka ghafla au kupumua kwa shida, hao hawajaribiwi nyumbani. Huo ni mzio wa namna nyingine na unasimamiwa hospitalini.) Daktari alikuwa ameshaniandikia tarehe ya kunywa tena kabla mama mkwe hajauliza lolote. Ilikuwa wiki baada ya Pasaka.

Rafiki yangu wa tangu sekondari aliposikia alishika mdomo. “Wewe! Unajua inaweza kumtoa damu na bado unakunywa? Ya nini? Si uendelee tu bila maziwa, kwani utakufa?”

Nimezungusha hoja yake kichwani mara nyingi, kwa sababu karibu kila mtu anaitoa na inaonekana haina jibu. Iangalie vizuri lakini. Anaweka mizani. Upande mmoja kuna siku mbili tatu za nyuzi za damu, kitu ambacho daktari amesema hakimwachii mtoto madhara. Upande wa pili kuna mwaka wa mwili wangu, meza yangu, mifupa yangu, na jamaa zangu. Anapima, na mizani inaangukia upande wa mtoto papo hapo, bila hata kutetereka. Kwa nini haitetereki? Kwa sababu upande wangu umeandikwa sifuri. Hakusema kwamba gharama yangu ni ndogo kuliko ya mtoto, maana hilo tungeweza kulijadili. Amesema haipo. Na hakuwa na nia mbaya. Ana watoto wawili, na upande wake mwenyewe ameuandika sifuri vilevile kwa miaka minane.

Nilikunywa. Kikombe cha kwanza Jumatatu asubuhi, na sitasema uongo, kilikuwa kitamu kupita kiasi. Alhamisi nyuzi zilirudi. Nikapiga picha nepi, nikamtumia daktari, nikaacha tena, na baada ya wiki moja na nusu mtoto akawa safi. Jioni ile ile ya Alhamisi nilimpigia mama mkwe.

“Imerudi, mama.”

“Basi tumejua,” akasema. Tangu siku hiyo hajauliza tena, na nikienda kwake nakuta strungi yenye tangawizi kwenye chupa ya chai ya peke yake, juu ya meza, mbele ya wageni wote. Haangalii mlango.

Hapo ndipo sifa zilipoanza, na sifa zimenitatiza kuliko lawama. “Wewe ni mama kweli.” “Wengine wangeshampa ya kopo kitambo.” Sentensi hiyo ya pili huja nyuma ya ile ya kwanza kama tela nyuma ya trekta. Kwanza, hawajui wanachosema: maziwa mengi ya kopo ya watoto yametengenezwa kutokana na maziwa ya ng'ombe, kwa hivyo mwanangu angehitaji lile kopo maalum, ambalo protini zake zimekatwakatwa hadi kinga isizitambue, na bei yake unaiuliza ukiwa umekaa. Pili, na hili ndilo zito, sifa ninayopewa mimi ni bili anayopelekewa mwingine. Kliniki nilikutana na mama ambaye mtoto wake ana hali hii hii. Alijaribu wiki mbili, akashindwa, akahamia kopo maalum. Alinieleza kwa sauti ya chini, akiangalia chini, kama mtu anayekiri wizi. Mtoto wake alikuwa mapajani, mzima, anatafuna kona ya kadi ya kliniki.

Mwanafalsafa Fiona Woollard wa Chuo Kikuu cha Southampton ameliandikia jambo hili, na aliloniachia ni tofauti moja ndogo ambayo naona ingepaswa kuandikwa kwenye kuta za kliniki zote. Kuwa na sababu ya kufanya jambo si sawa na kuwa na wajibu wa kulifanya. Nina sababu nzuri ya kumtembelea nyanya yangu Jumamosi hii. Nisipoenda sidaiwi maelezo na mtaa. Ila kunyonyesha, anasema, watu wameshageuza sababu zote nzuri zilizopo kuwa deni, kiasi kwamba mama asiyenyonyesha lazima ajitetee mbele ya yeyote aliyepita. Sheria yetu ya mwaka 2012 kuhusu bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama imeyabana makampuni yasitangaze makopo yao ovyo, na nadhani ilikuwa sheria ya busara. Lakini hakuna sheria inayozuia shangazi kutangaza.

Kwangu mimi sababu ni za kawaida kabisa. Napenda kunyonyesha. Kopo maalum lingekula nusu ya kodi ya nyumba. Na nina nazi. Ukiniondolea hata moja ya hizo tatu, sijui ningefika Agosti. Sijapanda mlima wowote. Mtu anayeniita shujaa ananifanya kuwa fimbo, na mimi sitaki kuchapia mtu.

Nimesema nina sababu tatu, lakini ipo ya nne ambayo sikuiweka kwenye hesabu, na ndiyo inayonifanya niandike. Ninaweza kuchagua ninachokula kwa sababu kuna mtu jikoni kwangu anayenisaidia kupika mara mbili.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Yangu iliisha Aprili, na Aprili hiyo akaja dada wa kunisaidia, kutoka Busia. Ana mtoto pia. Alipofika kwangu mtoto wake alikuwa na miezi tisa, na alikuwa bado ananyonya. Amebaki na nyanyake. Wiki ya kwanza, usiku, nilimkuta jikoni amesimama mbele ya sinki, taa imezimwa, anakamua. Matiti yalikuwa yamejaa na kuuma na hapakuwa na mtu wa kuyanyonya. Alikuwa amefungulia maji ya bomba kidogo ili yasisikike.

Fikiria hilo jikoni. Upande wa sinki, maziwa ya mama yanakwenda na maji machafu ya Nairobi. Upande wa pili niko mimi, ambaye kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiyachunga yangu kama mtu anayebeba taa kwenye upepo, nasoma lebo, napiga picha nepi, nasoma BMJ. Siwezi kukuambia maziwa yake yana thamani pungufu. Pumwani, tangu 2019, kuna benki ya maziwa ya mama, ambako maziwa kama yale yanapimwa, yanapashwa moto kuua vijidudu na kupewa watoto njiti. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto anyonye hadi miaka miwili na zaidi. Halikuandika “mtoto wa mwajiri”.

Nilimwambia amlete mtoto. Alifikiri kwa siku mbili, akakataa, na sababu zake zilikuwa na mpangilio kuliko zangu. Nyumba ina vyumba viwili. Watoto wawili wakilia pamoja atambeba yupi kwanza? Akimbeba wake, atakuwa anaiba muda niliolipia. Akimbeba wangu, wake atajua. “Ataona kabisa,” alisema. Kisha akanieleza kitu ambacho sijapata jibu lake mpaka leo: “Mama, mimi nimekuja huku kutafuta maziwa yake.” Alimaanisha pesa. Mshahara ukiingia, anatuma, na nyanya ananunua pakiti ya maziwa asubuhi. Ya ng'ombe. Mtoto wake anayanywa vizuri, hana shida yoyote.

Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Mimi kazini kwangu pana chumba, kidogo lakini kina kufuli na friji. Mahali pake pa kazi ni jikoni kwangu, na chumba hata nikikitenga, atakayenyonya yuko Busia. Woollard anazungumza juu ya sababu na wajibu, na zile ni zana nzuri kwa mtu mwenye nafasi ya kuchagua. Kwa dada huyu zinateleza. Alikuwa na sababu ya kunyonyesha na sababu ya kuacha, na ya pili ilikuwa na tarehe ya kulipwa. Hakuna aliyemwita mama kweli. Hakuna aliyempikia strungi ya tangawizi. Mimi nimenyimwa siagi na nimepata makala. Yeye amenyimwa mtoto, na kwa lugha ya mtaa hilo linaitwa kupata kazi.

Pwani, kwa sheria ya Kiislamu wanayoifuata wengi wa jirani zetu, mtoto akinyonyeshwa na mwanamke anakuwa mwanawe kwa undugu wa kunyonya. Akikua hawezi kumuoa binti wa mama huyo, kwa sababu wameshakuwa ndugu. Nimekulia nikisikia kesi kama hizo zikisuluhishwa barazani, fulani na fulani hawawezi kuoana kwa ajili ya ziwa moja. Maziwa yaliyonyonywa yanajenga ukoo. Sijui yaliyomwagwa yanajenga nini kati ya watu wawili, lakini sikubali kwamba hayajengi kitu. Mtoto wangu na wa Busia wana jambo kati yao, hata kama hawatawahi kukutana.

Tumefanya yale yanayofanyika. Kila mwisho wa mwezi anaenda kwao siku nne, nauli juu yangu, na siku hizo hazikatwi popote. Nimeongeza mshahara, si sana, kwa sababu sina sana. Rafiki yangu mwanasheria ananiambia hiyo ni zaidi ya wanavyofanya wengi, na ni kweli, na kweli hiyo haigusi swali. Maziwa yake yalikauka Juni. Alinitajia kama mtu anavyotaja kwamba mvua imekatika, akaendelea kukuna nazi.

Mwanangu anakaribia mwaka. Watoto wengi wenye hali kama yake wanaizoea protini hiyo wanapokua, na daktari ametupa ngazi ya kupanda polepole: tunaanza na kipande cha biskuti kilichookwa chenye maziwa kidogo, kwa sababu moto wa oveni unaibadilisha protini isiwe kali, kisha vitu vyenye maziwa zaidi, kisha mtindi, na mwisho kabisa maziwa yenyewe. Mama mkwe ameshauliza mursik iko ngazi ya ngapi. Tunaanza Jumatatu.

Jana nilimweleza dada mpango huo, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa naye mchana, akiangalia nepi. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mambo yakienda vizuri tutarudi kwa sufuria moja ya chai. Nikamwambia ndiyo. Akasema vizuri, gesi imekuwa ikiisha haraka.